Mawingu yenye vifuko: Yanatokeaje, na ukiyaona juu ya Kariakoo ufanye nini?

Fikiria jioni moja ya Aprili, Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Mvua imepiga kidogo na kukata. Machinga wanakung'uta turubai, mama lishe anawasha tena jiko, makuli wanarudi kwenye mikokoteni yao. Ghafla mtu mmoja anatazama juu, na wenzake wanafuata. Angani kumejaa vitu kama vifuko, vimening'inia chini ya wingu, vimebanana, vinang'aa rangi ya dhahabu.

Simu zinatoka mifukoni. Ndani ya dakika 10 picha ziko kwenye magrupu ya WhatsApp. Mmoja anaandika kuwa kimbunga kinakuja. Mwingine anasema ni dalili ya mwisho wa dunia. Wa tatu anadai picha imetengenezwa kwa kompyuta. Mwenye meza ya nguo anabaki na swali moja tu: afunge mzigo au aendelee kuuza?

Kinachoonekana hapo ni kitu halisi, kina jina, na wataalamu wa hali ya hewa wamekijua kwa zaidi ya miaka 100. Makala hii inaeleza ni nini, kinatokeaje, kama kina hatari, na mtu wa katikati ya jiji afanye nini akikiona.

NI KITU GANI HASA?

Kitaalamu yanaitwa mamatasi, na jina rasmi zaidi ni mamma. Ni neno la Kilatini lenye maana ya titi au kiwele cha mnyama. Ukitazama picha utaelewa kwa nini: vifuko vya mviringo vinaning'inia chini ya wingu kama viwele vya ng'ombe aliyejaa maziwa.

Kwa mtu wa Dar, mfano wa karibu zaidi ni zile barafu za kwenye vifuko zinazouzwa mtaani. Chukua mia moja, zipange zikiwa zimening'inia darini, halafu zitazame ukiwa umelala chini. Hiyo ndiyo sura yake.

Mamatasi si aina ya wingu inayojitegemea. Ni umbo linalojitokeza upande wa chini wa wingu jingine, kwa hiyo ni lazima kuwe na wingu mama kwanza. Mara nyingi wingu hilo ni lile kubwa la radi, ambalo wataalamu huliita kumulonimbasi. Lakini vifuko hivi vinaweza kutokea pia chini ya mawingu mengine, ya juu na ya kati, hata yasiyo na radi kabisa.

UKUBWA WAKE UTAKUSHANGAZA

Kutoka chini vinaonekana vidogo, kama vya kushika mkononi. Ukweli ni kwamba kifuko kimoja kwa kawaida kina upana wa kilomita 1 hadi 3, na kinashuka chini karibu nusu kilomita.

Yaani kifuko kimoja tu kinaweza kulifunika soko la Kariakoo na mitaa yote inayolizunguka. Vinaonekana vidogo kwa sababu viko mbali sana juu.

Kuhusu muda, kifuko kimoja hudumu kwa wastani wa dakika 10 hivi, kisha kinayeyuka. Lakini kundi zima linaweza kukaa angani kuanzia robo saa hadi saa kadhaa, kwa sababu vingine vinazaliwa wakati vingine vinapotea. Ndiyo maana mtu akikuita uje kuona, usikawie.

NANI ALIYAPA JINA?

Mwaka 1803, Luke Howard wa London alichapisha mfumo wa kuyapa mawingu majina ya Kilatini. Kabla ya hapo kila mtu aliyaita anavyoona. Mfumo huo ndio mzazi wa majina yanayotumika leo dunia nzima.

Mwaka 1894 Mwingereza mwingine, William Clement Ley, aliyaeleza mawingu haya ya vifuko kwenye kitabu chake kuhusu mawingu. Leo Shirika la Hali ya Hewa Duniani linayaorodhesha kwenye Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu, ambayo wapima hali ya hewa wa nchi zote, Tanzania ikiwemo, huitumia kutambua wanachokiona angani.

YANATOKEAJE? HATUA KWA HATUA

Mawingu karibu yote unayoyaona yanatengenezwa na hewa inayopanda. Mamatasi ni kinyume chake. Yanatengenezwa na hewa inayoshuka. Hicho ndicho kinachoyafanya yawe ya ajabu, na ndiyo maana yanaonekana kama wingu lililopinduliwa.

1. Wingu la radi linapanda

Jua linachoma ardhi. Upepo wa bahari unaleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ya joto ni nyepesi, inapanda juu. Ikipanda inapoa, mvuke unageuka matone, na wingu linakua.

Ukanda wa Ikweta una anga refu la mawingu. Huku kwetu wingu la radi linaweza kupanda hadi kilomita 15 au zaidi, juu kuliko ndege za abiria zinavyoruka. Huko juu joto linaweza kufika nyuzi 70 chini ya sifuri, na wingu lote ni chembe za barafu. Hiyo ni barafu juu ya jiji ambalo chini watu wanatokwa jasho.

2. Wingu linagonga dari

Kuna mahali angani ambapo hewa ya joto haiwezi tena kuendelea kupanda. Hapo ni kama dari. Wingu likifika, linasambaa pembeni, kama moshi wa jiko unavyosambaa ukigonga bati.

Sehemu hiyo iliyosambaa inaitwa fuawe, kwa sababu ina umbo la kile chuma ambacho mhunzi anapondea. Mafundi chuma wa Gerezani wangelitambua umbo hilo mara moja: juu bapa, pembeni imechongoka. Fuawe inaweza kusambaa makumi ya kilomita kutoka pale mvua inaponyesha. Ndiyo maana unaweza kuona mamatasi juu ya kichwa chako huku mvua yenyewe iko mbali.

3. Barafu inaanza kuanguka kwenye hewa kavu

Hapa ndipo penye siri. Chini ya fuawe mara nyingi kuna hewa kavu. Chembe za barafu na theluji zinadondoka kutoka kwenye wingu na kuingia kwenye hewa hiyo. Zikiingia tu, zinaanza kugeuka mvuke. Nyingine zinakuwa mvuke moja kwa moja, bila hata kupitia hatua ya maji.

Kugeuka mvuke kunahitaji joto, na joto hilo linanyang'anywa kwenye hewa iliyo karibu. Ukitaka kuona jambo hili nyumbani, paka spiriti kidogo mkononi. Inakauka haraka na mkono unahisi baridi, kwa sababu imeondoka na joto lako. Mtungi wa udongo unapoza maji kwa kanuni hiyohiyo.

Barafu ni kali zaidi. Kuigeuza barafu kuwa mvuke moja kwa moja kunahitaji joto zaidi ya mara 8 ya lile la kuiyeyusha tu kuwa maji. Kwa hiyo hewa chini ya fuawe inapoa kwelikweli.

4. Hewa baridi inazama

Hewa ikipoa inakuwa nzito. Sasa kuna hewa nzito juu ya hewa nyepesi, na hali hiyo haiwezi kudumu. Hewa nzito inaanza kuzama, lakini haizami yote kwa pamoja kama shuka. Inazama kwa mafungu, kila fungu linachukua sehemu ya wingu na kushuka nayo. Kila fungu ni kifuko kimoja.

Kasi ya kushuka si kubwa. Ni kama mita 1 hadi 3 kwa sekunde, yaani kati ya mwendo wa mtu anayetembea na wa mtu anayekimbia taratibu. Katikati ya vifuko, hewa inapanda polepole kujaza nafasi. Matokeo yake ni ule mpangilio wa vifuko na mifereji.

5. Kifuko kinakufa

Wakati kinashuka, hewa yake inaminywa na kupata joto. Barafu iliyobaki inaendelea kugeuka mvuke. Mwisho hakuna kitu cha kuonekana tena, na kifuko kimetoweka.

WANASAYANSI WAMEKUBALIANA?

Si kwa kila kitu. Mwaka 2006 timu ya watafiti ikiongozwa na David Schultz ilichapisha mapitio makubwa ya yote yaliyojulikana kuhusu mawingu haya. Walihesabu maelezo 10 tofauti yaliyowahi kutolewa kuhusu jinsi yanavyotokea. Lile la barafu kugeuka mvuke ni mojawapo. Mengine yanazungumzia wingu kupoteza joto kwa mionzi, hewa ya fuawe kushuka yote kwa pamoja, na upepo wa kasi tofauti unaogongana chini ya wingu.

Mwaka 2008 baadhi ya watafiti haohao walitengeneza mfano wa wingu ndani ya kompyuta. Walipoiacha barafu igeuke mvuke, vifuko vilijitokeza. Walipoizuia, vifuko havikutokea. Hilo liliipa nguvu hoja ya hewa kupozwa.

Hata hivyo, mamatasi yanaonekana pia kwenye mawingu ya aina nyingine, hata kwenye majivu ya volkano. Mlima St. Helens wa Marekani ulipolipuka tarehe 18 Mei 1980, wingu lake la majivu lilining'iniza vifuko vilevile. Kwa hiyo inawezekana kabisa kuna zaidi ya njia moja ya kufikia umbo hilo.

KWA NINI YANANG'AA?

Wakati wa mchana mamatasi huonekana ya kijivu. Jioni mambo yanabadilika. Jua likiwa chini magharibi, mwanga wake unapita chini ya wingu na kuvipiga vifuko kwa pembeni. Upande mmoja unakuwa wa dhahabu au mwekundu, upande wa pili unabaki na kivuli. Hapo ndipo vinaonekana vimevimba kama vitu vya kushikika.

Kwa Dar es Salaam, wakati mzuri ni kati ya saa 11 jioni na saa 12:30. Baada ya hapo jua limezama.

JE, DAR YANAONEKANA?

Ndiyo, popote penye mawingu ya radi yanaweza kutokea. Jiji lina misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Aprili ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi.

Lakini si kila mvua inakupa nafasi ya kuyaona. Siku nyingi za masika anga la Dar linafunikwa na mawingu ya chini, mazito, ya kijivu. Hata kama juu kuna fuawe yenye vifuko, huwezi kuiona, kama vile huwezi kuona dari ya soko ukiwa umejifunika turubai. Nafasi nzuri ni siku ambayo wingu la radi liko pembeni, baharini au upande wa Kisarawe, na mawingu ya chini yamepasuka.

Kanda ya Ziwa wana nafasi kubwa zaidi. Eneo la Ziwa Victoria linajulikana kwa mawingu makubwa ya radi, hasa usiku, wakati upepo kutoka nchi kavu pande zote unakutana juu ya maji ya joto. Na si mbali na hapo, eneo la Kabare mashariki mwa Kongo ndilo lililotajwa na watafiti mwaka 2016 kuwa na radi nyingi kuliko mahali pengine popote Afrika.

Kuhusu Kariakoo yenyewe, tatizo ni maghorofa. Ukiwa Mtaa wa Sikukuu au Mtaa wa Swahili, unaona kipande chembamba cha anga. Ukitaka kuona vizuri, sogea viwanja vya Mnazi Mmoja, au juu ya ghorofa lenye ulinzi mzuri, mradi hakuna radi. Bonde la Jangwani nalo linafungua anga lote la magharibi.

NI DALILI YA HATARI?

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Vifuko vyenyewe havimdhuru mtu aliye chini. Haviangushi kitu, havigeuki kimbunga, na si ishara kwamba tufani iko njiani. Mara nyingi vinaonekana wakati mvua imeshapita au inapita pembeni. Wakati mwingine vinatangulia.

Ishu ni wingu mama. Kama mamatasi yametokana na fuawe, maana yake ni kwamba kuna wingu la radi lenye nguvu ndani ya kilomita chache au makumi ya kilomita. Wingu hilo linaweza kuwa na mambo manne.

Radi. Hii inaweza kupiga hata zaidi ya kilomita 10 kutoka kwenye mvua, mahali ambapo anga inaonekana shwari. Watu wengi hupigwa kabla mvua haijafika au baada ya kukata, kwa sababu wanadhani hatari imeisha.

Upepo wa ghafla. Hewa baridi inashuka kutoka kwenye wingu na kusambaa ikifika chini. Ni upepo wa kung'oa bati na kurusha mwavuli wa kibiashara.

Mvua ya mawe. Dar ni nadra, lakini Tanzania si geni. Mwanzoni mwa Machi 2015, mvua ya mawe na upepo mkali vilikipiga usiku kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama mkoani Shinyanga. Nyumba za udongo zilianguka na watu takribani 40 walifariki.

Mafuriko. Hili ndilo linalowahusu zaidi watu wa katikati ya jiji.

MTO MSIMBAZI HAUSUBIRI MVUA YA KARIAKOO

Watu wengi wa Kariakoo na Jangwani wanapima hatari kwa mvua inayowanyeshea. Kama kwao kumekauka, wanaona mambo salama. Hapo wanakosea.

Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, unakatiza jiji, unapita Jangwani na kumwaga maji baharini karibu na daraja la Selander. Mvua kubwa ikinyesha kule juu, maji yake yanateremka hadi Jangwani hata kama Kariakoo hakujadondoka tone. Kwa hiyo fuawe kubwa yenye vifuko inayoonekana upande wa magharibi, juu ya Pugu, ni taarifa ya kufanyia kazi kwa mtu aliye bondeni.

Jiji lina kumbukumbu mbaya. Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha kwa siku kadhaa, ikatajwa kuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 1954. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, na maelfu wakabaki bila makazi. Baadhi ya familia za bondeni zilihamishiwa Mabwepande, nje kidogo ya jiji. Miaka iliyofuata Jangwani iliendelea kufurika, barabara ya Morogoro ikafungwa mara kadhaa na kituo cha mabasi ya mwendokasi kikaingia maji.

Serikali, kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ina mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi unaohusisha daraja jipya la Jangwani na kupanua njia ya maji. Lakini hakuna daraja litakalomwambia mtu wakati wa kuondoka. Hilo linabaki kwake na kwa taarifa za hali ya hewa.

NDEGE NA WAVUVI

Rubani akiona mamatasi, anajua hapo si pa kupita. Hewa chini ya fuawe inapanda na kushuka, na inaweza kuitikisa ndege kwa nguvu. Mwongozo wa kawaida wa marubani ni kulipita wingu kali la radi kwa umbali wa angalau kilomita 37. Ndiyo maana wakati mwingine ndege inayokuja kutua Uwanja wa Julius Nyerere inazunguka kabla ya kushuka, na abiria wanaanza kulalamika. Ni bora izunguke.

Kwa mvuvi wa Feri au Kigamboni, hesabu ni hiyohiyo. Chombo kikiwa wazi baharini, mtu ndiye kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu, na radi inatafuta kitu kirefu. Ukiona fuawe inasogea upande wako na ngurumo zinasikika, rudi nchi kavu mapema. Upepo ukishaanza, umechelewa.

UKIYAONA UKIWA SOKONI, FANYA HIVI

Sikiliza kwanza. Kama unasikia ngurumo, uko kwenye eneo ambalo radi inaweza kukufikia. Ingia ndani ya jengo imara. Kibanda cha turubai chenye nguzo za chuma hakikulindi na radi.

Pima umbali. Ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu sekunde hadi usikie mlio. Kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Ukihesabu 9, radi imepiga kilomita 3 kutoka ulipo. Hiyo ni karibu mno.

Gari ni salama, bajaji na bodaboda si salama. Gari lenye paa la chuma na vioo vilivyofungwa linakukinga na radi. Bajaji iko wazi, bodaboda ndiyo kabisa.

Funga mzigo mwepesi. Miavuli, mabango na nguo zilizotundikwa ndizo zinazoruka kwanza upepo ukija.

Zima na chomoa umeme. Nyaya za kuungaunga zinazopita chini, kwenye maji, zinaua. Zichomoe kabla mvua haijaanza, usizishike ukiwa umelowa.

Inua mali kutoka chini. Wenye stoo za chini ya ardhi na za ghorofa ya chini wanajua mitaro ikizidiwa maji yanakwenda wapi.

Subiri dakika 30. Baada ya ngurumo ya mwisho kusikika, kaa ndani nusu saa kabla ya kurudi wazi.

Kama unaishi au unapita Jangwani, usivuke maji yanayotembea, hata kama yanaonekana ya magotini.

FUATA TAARIFA RASMI

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inatoa utabiri wa kila siku na wa msimu, na ina rada za hali ya hewa, ikiwemo ya Dar es Salaam. Rada inaona mvua iliyo ndani ya wingu, jambo ambalo jicho haliwezi.

Taarifa zake za hatari zina ngazi. Kuna angalizo, kuna tahadhari, na kuna tahadhari kubwa. Ukisikia neno la mwisho, si wakati wa kubishana kwenye grupu.

Kifuko kilichoonekana angani hakitoshi kutabiri mvua ya kesho. Taarifa ya TMA na kile unachokiona kwa macho vikikubaliana, hapo chukua hatua.

USICHANGANYE NA HAYA

Wingu la rafu. Ni refu, jeusi, linakuja chini kama ukuta mbele ya mvua. Hili linamaanisha upepo mkali unafika ndani ya dakika chache. Ukiliona, usipige picha kwanza.

Asperitasi. Linafanana na bahari iliyochafuka ukiitazama ukiwa chini ya maji. Lina mawimbi, halina vifuko. Liliingizwa kwenye Atlasi ya Kimataifa ya Mawingu mwaka 2017.

Mkonga wa wingu. Ni mmoja, mwembamba, unazunguka na unashuka kuelekea ardhini au baharini. Mamatasi ni mengi, ya mviringo na hayazunguki.

PICHA IKIFIKA KWENYE GRUPU, IKAGUE

Picha za mamatasi zinasambaa sana kwa sababu zinavutia. Nyingi zilipigwa Marekani au Australia, kisha zinaandikwa kuwa ni za Dar au Mwanza. Kabla ya kuituma mbele, angalia vitu vilivyo chini ya picha: majengo, miti, mabango, upande ambao magari yanaendeshwa. Tanzania tunaendesha kushoto. Uliza aliyetuma: umepiga wewe, wapi, saa ngapi? Akikosa majibu, iache hapo.

Kama umepiga mwenyewe, andika tarehe, saa na upande uliokuwa umetazama. Weka jengo au mnara kwenye picha ili ukubwa uonekane. Picha yenye taarifa hizo tatu ina thamani, kwa sababu mtu mwingine anaweza kuilinganisha na rada ya siku hiyo.

MASWALI YA HARAKA

Je, mamatasi yanaleta mvua? Hapana. Barafu inayodondoka kwenye vifuko inageuka mvuke kabla ya kufika chini. Mvua inatoka sehemu nyingine ya wingu.

Je, yanamaanisha kimbunga cha baharini? Hapana. Kimbunga kama Hidaya, kilichofika pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, hufuatiliwa kwa satelaiti siku kadhaa kabla. Hakitangazwi na vifuko.

Je, ni dalili ya mabadiliko ya tabianchi? Kuyaona tu hakuthibitishi hilo. Yaliandikwa kwenye vitabu tangu karne ya 19.

Je, yanaweza kutokea usiku? Ndiyo, ila huyaoni, labda mwanga wa radi uyamulike.

Kwa hiyo yule mwenye meza ya nguo Mtaa wa Kongo jibu lake ni hili. Kama ngurumo hazisikiki na TMA haijatoa tahadhari, atazame, apige picha, aendelee kuuza. Kama ngurumo zinasikika, mzigo ufungwe na watu waingie ndani. Na kama ana ndugu anayeishi bondeni Jangwani, na wingu hilo liko upande wa Pugu, ampigie simu sasa hivi.